Ncha ya Uzi

Nyamizi, dada yangu, acha kwanza kukanyaga cherehani.
Umeniuliza mara tatu tangu turudi Kitete
daktari alikuwa na maana gani
aliposema Mihayo anakula, damu anayo, usingizi anao,
ila nguvu haifiki.

Nipe uzi. Huo mweupe, wa kola za sare.

Ndani ya kila seli ya mguu wa mwanao
mna ute mzito, umesongamana kama stesheni yetu
siku treni ya Kigoma imechelewa na ya Mpanda imewahi.
Humo protini huzaliwa kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo,
teketeke, haina umbo,
na tayari ina safari:
yaendea mitokondria, jiko la nguvu, lenye kuta mbili
na tundu mfano wa hili la sindano yako.

Uliojikunja haupiti. Unajua kuliko mimi.
Fundo moja, dogo kama yai la chawa,
na jioni nzima imekwenda.

Kwa hiyo wapo wanaoupokea ungali unatoka.
Darasani nawaita wasindikizaji
na Kidato cha Nne wanacheka, wanawaza harusi.
Mimi namwaza babu yake babu, mpagazi,
Unyanyembe mpaka Ujiji, pembe begani,
lakini hata mfano huo unachechemea:
hawa hawabebi.
Wanashika, wanaachia, wanashika tena,
uzi usijisokote, usinase kwa wapita njia.
Na kila mshiko una ujira, sarafu moja,
nayo sarafu hufuliwa
katika jiko lile lile wanakoupeleka.

Sikia hapo. Hapo ndipo niliposhindwa kulala.
Jiko likififia, ujira haupo;
ujira usipokuwapo, mikono inalegea;
mikono ikilegea, uzi haufiki,
na jiko
linafifia.

Wewe huilowesha ncha kwa mate kabla ya kuitunga.
Ncha ya protini nayo ina ulowevu wake, chaji ndogo,
na mlangoni kuna vidole vinavyoipapasa, viseme: wa hapa, pita.
Ikishaingia, ncha hukatwa. Kazi yake ilikuwa njia tu.
Huenda kwa Mihayo herufi moja ya ncha iliandikwa kombo.
Huenda ni mlango. Daktari hakusema;
sampuli imepelekwa Dar, tusubiri wiki sita.

Na zile zilizobaki nje? Zinarundikana kwenye ute,
zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinaziba vichochoro.
Wafagiaji huzipachika alama, huzikata vipande,
na vipande havitupwi, kama vile vitambaa vyako
vilivyogeuka blanketi la mtoto.
Lakini mfagiaji naye huchoka.
Hapo seli hupunguza kusokota uzi mpya,
kama wewe mwezi wa tatu, oda zikizidi meza.

Nilidhani utauliza kuhusu dawa.
Ukauliza, bila kuinua macho:
"Ni tumbo langu? Mawifi wanasema ni tumbo langu."

Nilijibu haraka mno, kwa sauti ya ubaoni,
kwamba jiko lina maandishi machache yake, ya mama, ndiyo,
lakini nyuzi zake karibu zote zimeandikwa kwingine,
kwenye kitabu cha baba na mama pamoja;
waambie hivyo.
Hukuonekana kufarijika. Wala sikustahili.

Mihayo alikuwa mlangoni, ameegemea fremu,
hatua tisa kutoka kitandani, anahema kama aliyetoka Ipuli kwa miguu.
Ulimshika kiwiko. Ukamwachia.
Akapiga hatua, ukamshika.

Kisha, ukiwa umeketi naye, taa ya chaji katikati yetu,
ukatunga uzi mara moja tu, ukaukata kwa meno,
ukasema, "Na hao wanaoshika, mwalimu,
wao hushikwa na nani?"

Nilikuwa na chaki mfukoni. Nikaigusa.
Sijui, Nyamizi. Haimo kwenye silabasi.